Mtoto wa Sweta Jekundu

Juu ya friji yangu kuna kipande cha lipu, kipana kama kiganja, chekundu upande mmoja na udongo mtupu upande wa pili. Kila friji ikitetemeka, kinadondosha vumbi. Dada anayenisaidia kazi za nyumbani aliwahi kukitupa kwenye ndoo ya taka. Nikaingiza mkono nikakitoa mwenyewe, na nikamsemesha kwa ukali ambao maskini hakuutegemea. Akasema, "Samahani dada, nilidhani ni kipande cha tofali." Sikuwa na haki ya kumkasirikia. Mimi mwenyewe nilikitazama kitu hicho utoto wangu wote, nikadhani ni kitu kingine kabisa.

Nimekulia kilabuni. Nasema hivyo waziwazi sasa, maana shuleni nilikuwa nasema mama yangu ana "hoteli." Kilabu chetu kilikuwa Lushoto mjini, ukishuka chini ya soko kuelekea mtoni, jengo la tofali za udongo lenye paa la mabati yaliyoshika kutu, na mlango mmoja mpana wa mbele. Mama alikuwa anauza dengelua, pombe ya miwa. Miwa ilipondwa uani kwenye kinu, maji yake yakatiwa vipande vya tunda la mti wa mwegea vilivyokaushwa, yakafunikwa hadi yachachuke. Mliokulia baridi ile mnaijua harufu ninayoisema: utamu ulioanza kuharibika, moshi wa kuni za mkaratusi, na masweta ya watu wazima yaliyonyeshewa yakikaukia mwilini. Mpaka leo nikipita mahali pakanukia hivyo, nageuka kumtafuta mama yangu.

Sisi ni Walutheri. Jumapili Mama hakufungua mpaka ibada iishe na watu wawe wamefika kwao wakala. Kina mama wa kanisani walimsema, lakini walimsema taratibu, kwa sababu mwalimu wa kwaya yao mwenyewe alikuwa mteja wetu. Aliingia kwa kupitia uani, koti limefunikwa kichwani, eti asionekane. Kila mtu alimwona.

Kilabu chetu hakikuwa cha kila mlevi. Walikuja wachoraji waliouza picha kwa watalii wa njia ya Irente, wakaja wapiga zeze, wakaja mafundi wa kuchonga. Mzee Hiza alikuwa na gitaa lililofungwa kwa waya mahali lilipopasuka, na sauti iliyofanya watu washushe vikombe. Mzee Kaniki alichonga vinyago na miko, na vumbi la mbao halikumtoka nyusini hata siku ya sikukuu. Watu hao walikuja kwa sababu ya pombe ya Mama, ndiyo, lakini zaidi walimfuata Baba.

Baba alikuwa fundi wa mabango. Ng'ombe aliyekuwa anacheka kwenye bucha ya sokoni alikuwa wa Baba, na kichwa cha mwanamke mwenye nywele za kupendeza kwenye saluni kilikuwa chake pia. Hiyo ndiyo kazi iliyotulisha. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa ukuta mrefu wa kilabuni. Hapo aliwachora wateja, na hukuchorwa kwa kunywa tu. Ilibidi kwanza ulete kitu ulichokitengeneza kwa akili yako, wimbo mpya, kinyago, hata shairi la kumsimanga mtu, ukitoe mbele ya watu wote. Wakikikubali, siku ya pili Baba anakukalisha juu ya kreti karibu na mlango, penye mwanga, anakushika kidevu, anakugeuza. Ukitoka hapo umeingia ukutani. Wazee wenye wajukuu walilitafuta jambo hilo kwa hamu isiyo ya kawaida.

Mama alikuwa ukutani ameshika kata yake. Hiza alikuwepo, Kaniki na nyusi zake, mwalimu wa kwaya na koti lake. Mimi sikuwepo.

Aliyekuwepo ni mtoto mwingine. Alikuwa chini kidogo, kwenye kona, pembeni mwa benchi la Baba. Mtoto mdogo wa miaka kama mitatu, kichwa kimenyolewa, paji la uso pana, amevaa sweta jekundu kweli kweli. Mimi sikuwa na sweta jekundu. Na Baba, kila alipokaa benchi lile, mkono wake wa kushoto ulipanda ukutani wenyewe, vidole vikapita shavuni kwa yule mtoto, vikarudi, vikapita tena. Rangi ya shavu lile ilikuwa imeanza kufifia kwa kuguswa. Nilikuwa naona, na roho inaniuma kiasi cha kushindwa kula.

Nilimjua yule mtoto ni nani. Hakuna aliyeniambia, nilijipigia hesabu mwenyewe. Bombani, kina mama walipokuwa wanangoja ndoo zijae, niliwasikia wakisema mume wa fulani ana mtoto huko Mombo. Na Baba hakuwa anashuka Mombo kuandika mabango? Alikuwa anashuka. Basi yakaisha. Nilikuwa na dada Mombo, mwenye paji pana, na huyo ndiye aliyepewa ukuta. Sikujiuliza mtoto wa Mombo, kwenye joto lile la chini, sweta la nini. Mtoto akishakasirika haulizi mambo kama hayo.

Nikaanza kumsumbua Baba anichore.

"Utachorwa vipi nawe hujatunga kitu?" alikuwa anasema huku anacheka. "Wewe tunga wimbo kwanza."

Nikatunga. Ulikuwa wimbo wa kuku wetu aliyeogopa mvua. Niliuimba wateja wakiwa wamejaa, Hiza akanifuata na gitaa, na haki ya Mungu watu walipiga makofi mpaka Mama akatoka jikoni. Nikasubiri kesho yake. Nikasubiri na kesho kutwa. Baba hakuleta kreti. Nilipomkumbusha, akasema, "Bado kuna ukungu, Upendo. Ukungu ukitoka." Nikatazama nje. Jua lilikuwa linawaka, milima inaonekana mpaka mti mmoja mmoja. Nikajua ananidanganya, na nikajua ni kwa ajili ya nani.

Nisisahau kusema desturi nyingine ya kilabu chetu. Ukiingia, unajitaja jina. "Hiza hapa!" "Onga mshi, Kaniki nimeingia!" kwa salamu ya Kisambaa. Hata Mama akitoka jikoni na mtungi, alisema, "Mama Upendo napita." Mimi nilikuwa nasema, "Upendo nimeingia, Baba." Nilidhani ndiyo adabu, na kwamba wazazi wa wenzangu hawakuwafundisha watoto wao vizuri. Nikaenda nayo mpaka kanisani. Siku moja nilichelewa Shule ya Jumapili, nikafungua mlango, nikatangaza kwa sauti, "Upendo nimeingia!" Watoto walicheka mpaka wengine wakaanguka kwenye mabenchi. Nilikaa nikiwahurumia kwa kukosa malezi.

Ikafika baridi ile kali ya katikati ya mwaka, ambayo nguo hazikauki na watu wanatembea wamekumbatia mikono yao. Mama alinifumia sweta. Kwetu sweta halitupwi. Linakuwa dogo, linafumuliwa, uzi unaoshwa na kuviringishwa, unafumwa tena na uzi mwingine. Sweta langu jipya lilikuwa la kijani, na kifuani mistari myekundu. Nililivaa nikajiona binti wa maana. Nikapanga jambo langu. Nitakwenda nisimame mbele ya Baba, nisiseme kitu, anitazame tu. Akiniona nilivyopendeza ataona aibu mwenyewe na ataagiza kreti.

Ilikuwa mchana wa siku ya soko. Mwanga wa mlangoni ulikuwa mzuri sana. Hiza alikuwa anapiga gitaa polepole, Kaniki anapiga msasa mwiko, na Baba yuko kwenye benchi lake, mkono ukutani. Nikaingia bila kujitaja. Nikasimama mbele yake karibu kabisa, mikono nyuma, kifua mbele.

Baba akageuza uso. Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu analowapa watu asiowajua.

"Nani mwenzetu?" akasema. "Karibu, karibu. Jitaje basi."

Nilidhani ni utani, nikazidi kutoa kifua.

"Mgeni?" akasema kwa upole. "Kaa, usione haya. Mama Upendo! Kuna mgeni huku, mtafutie kikombe."

Gitaa likanyamaza. Kaniki akasimamisha msasa. Hakuna aliyenitazama, wote walitazama chini. Na mimi nilimwangalia baba yangu ananitazama usoni na kuniita mgeni, huku vidole vyake viko shavuni mwa mtoto wa Mombo. Nikakimbia.

Mama alinikuta nyuma ya jiko nimekaa kwenye rundo la maganda ya miwa, nalia kwa sauti ya kukwama. Akachuchumaa. Alikuwa na unyevu wa pombe mikononi, akanifuta machozi nao hivyo hivyo.

"Hukujitaja," akasema.

"Ameniita mgeni! Ananiona na ananiita mgeni!"

"Hakuoni, mwanangu." Akatazama nyuma kuona kama kuna mtu. "Baba yako haoni. Ni presha ya macho. Ilianza siku nyingi, ukiwa mdogo hujui hata kusema. Tulimpeleka hospitali, wakasema tumechelewa. Sasa imefunga kabisa."

"Hata mimi hanioni?"

"Hata mimi."

Akanieleza yote, na sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyekwisha kulia peke yake. Majina ya mlangoni yalikuwa ya Baba, ajue nani kaingia bila kuuliza. Wateja waliyapanga wenyewe, hakuwaomba. Mabango niliyodhani ni ya Baba yalikuwa yameandikwa na wachoraji wenzake usiku uliotangulia au alfajiri, yeye akipeleka na kupokea ujira, kwa sababu mji ukijua fundi wa mabango ni kipofu, nani atampa kazi tena? Ukutani nako hakuwa ameongeza sura tangu nikiwa mdogo. Nami sikuambiwa kwa sababu mimi mdomo wangu haukuwa na komeo. Hilo kweli. "Sasa umejua," Mama akasema. "Usije ukamsemea mtu."

Nilipaswa kumhurumia baba yangu, na nilimhurumia, moyo ulinivimba. Lakini chini ya huruma ile kulikuwa na jambo jingine baya zaidi. Sasa Baba hatanichora kamwe. Macho yake yalipokuwa mazima, alimpa yule wa Mombo.

Jioni ile Baba alinijia kwa kupapasa ukuta. "Upendo," akaita. Nikasema, "Nipo, Baba." Akakaa karibu yangu, akasema, "Nilikosea leo. Nisamehe." Sijawahi kusikia mtu mzima anaomba msamaha namna ile, na nilitamani anyamaze. Akasema, "Lete sweta nilishike." Akapitisha vidole kwenye ufumaji, polepole, mpaka kifuani. "Hapa ndipo palipo na nyekundu?"

"Ndiyo, Baba."

"Mama yako aliniambia. Nyekundu hiyo naijua." Akakaa ameshika pale muda mrefu. Sikumwuliza anaijuaje. Sikumwomba tena anichore, wala sikumtaja mtoto wa ukutani. Utamwombaje mtu asiyeona? Tangu siku hiyo nikawa nakaa benchi la upande wa pili, nisiitazame ile kona.

Baadaye mji ulijua, kama miji inavyojua, na kazi za mabango zikakatika. Baba alibaki na benchi lake, na ukuta, na watu wanaojitaja mlangoni. Mimi nikasoma, nikaolewa Tanga, nikapata binti, nikawa narudi sikukuu. Kila nikifika nilisimama mlangoni nikasema, "Upendo nimeingia, Baba," na uso wake ulifunguka namna ambayo hata sasa nikiikumbuka inabidi nikae. Nilimpenda sana baba yangu. Lakini palikuwa na ile kona kati yetu.

Alifariki msimu wa baridi. Walimbeba watu wa ukutani, waliobaki, Hiza akiwa ametangulia siku nyingi. Tukamzika shambani kwetu, nje ya mji, na mimi, jamani, badala ya kulia kama binadamu, nilikuwa natafuta mtu. Nilikuwa napitisha macho kwa wanawake wote waliokuja, mmoja mmoja, natafuta mwanamke wa makamo yangu mwenye paji pana. Nilikuwa nimeshamtungia na maneno. Ningemkaribisha, ningempa mkono, ningemwambia, dada, alikupenda. Watu wakaweka udongo, mchungaji akamaliza, mvua ikaanza. Hakuja.

Tulipoanua matanga Mama akasema kilabu kifungwe. Jengo lilikuwa limepasuka kwa mvua, na yeye nilikuwa namchukua Tanga, apate joto la kupumzisha magoti yake. Ikasemwa litabomolewa. Tulikuwa humo ndani, mimi, Mama, na Mzee Kaniki, tunatoa vyombo.

"Picha yako utaiachaje?" Mama akauliza.

"Picha gani?"

"Picha yako, Upendo."

"Mama, mimi sina picha humu."

Mama akaweka mtungi chini. Kaniki akaniangalia na nyusi zake zile zilizojaa vumbi. Mama akanyoosha kidole kwenye kona.

"He! Na huyo ni nani?"

Nilisema. Miaka yote sikuwahi kulitamka, nikalitamka hapo kwenye kilabu kitupu, kwamba huyo ni mtoto ambaye Baba alimzaa Mombo. Mama hakukasirika. Alicheka mara moja, kicheko kifupi, halafu uso wake ukakunjamana.

"Huyo ni wewe," akasema. "Macho yalikuwa yanaondoka, na alikuwa anajua. Alikukalisha hapo kwenye kreti akasema, huyu nimchore sasa, hawa wengine watangoja. Ndiyo picha ya mwisho aliyoichora akiiona. Sweta lile nililifumua nikaweka uzi, nikakufumia lile la kijani lenye mistari."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie nini? Mtu anaambiwa sura yake?"

Nikaenda kwenye kona. Nikachuchumaa. Shavu lilikuwa limekwisha kabisa kwa vidole vya Baba, limebaki udongo laini. Lakini paji lilikuwepo. Ni paji la binti yangu, ambalo nalinawisha kila asubuhi na watu wote wanasema amelitoa kwangu.

"Alikuwa anasikitika," Mama akasema nyuma yangu. "Alikuwa ananiambia, Upendo haipendi picha yake. Haisemi hata siku moja, na hakai karibu nayo. Akasema, pengine nilikosea pua."

Hapo ndipo nilipomlilia baba yangu, kilio ambacho sikukitoa kaburini. Nililia nikiwa nimeegemeza uso kwenye ule ukuta, Mama akinipigapiga mgongoni kama ananitoa kwikwi, na hakuna kilichosaidia. Maana angeuliza yeye, au ningeuliza mimi, neno moja tu, yangekwisha.

Mzee Kaniki alikataa picha ibomolewe. Alikuja asubuhi na msumeno wake mwembamba, akakata pembeni taratibu sana, huku ananisemesha nisiogope. Lakini tofali za udongo ni udongo. Alipofika juu ya kichwa, ukuta ulitoa sauti ndogo, uso wote ukamwagika miguuni kwetu ukawa unga. Kaniki alibaki ameinua msumeno, hawezi kunitazama. Nikainama, nikapekua, nikapata kipande kimoja tu kilichoshikana. Kilikuwa cha sweta.

Nikakifunga kwenye kanga, nikapanda nacho shambani peke yangu. Udongo wa kaburi ulikuwa bado umetuna, maua yamelala kwa mvua. Nilisimama miguuni pake, nikajikuta natafuta mlango kwa mazoea. Halafu nikajitaja.

"Upendo nimeingia, Baba. Pua hukukosea."